Jembe la Mama Darini

Kwa wiki tatu swali moja lilininyima usingizi: je, ni mimi niliyemletea mama kisukari? Si kwa kumtelekeza wala kumtakia mabaya. Kwa kumheshimu. Nililala chali nikitazama dari ya mbao, nikijua kwamba juu yake, karibu na boriti ya kati, limelala jembe la mama likiwa limefungwa kanga. Nililipandisha mwenyewe, mbele ya watu, huku wakinipigia vigelegele.

Sijui kama ni desturi ya Washambaa wote au ni ya ukoo wetu tu. Niliwahi kumuuliza Mshambaa mwenzangu wa chuo anayetoka Bungu, akacheka, akasema kwao hawana. Lakini kwetu, kwenye mteremko juu ya Soni, mtoto wa kwanza wa nyumba akimaliza chuo kikuu humpumzisha mama yake. Jumapili ya shukrani, watu wakishatoka kanisani na kula, mama huitwa katikati ya uwanja akiwa na jembe. Mtoto hulipokea kwa mikono miwili, huliosha udongo, hulifunga kanga na kulipandisha darini. Kisha humkalisha mama kwenye kiti kipya. Kuanzia saa hiyo mama yule akionekana shambani ameinama, aibu si yake. Ni ya mtoto.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, kwa hiyo ada yangu yote ilitoka kwenye kabichi na karoti za mama. Nilimaliza shahada ya mipango ya maendeleo vijijini. Siku ya shukrani nilivaa joho kwenye jua kali la saa nane, nikatoka jasho hadi kola ikashikana na shingo. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ndiye aliyesimamia kila kitu. Mama akaitwa. Alikuja na jembe lake, mpini umekuwa mweusi na kung'aa pale mikono inaposhika. Nikanyoosha mikono. Mama hakuachia. Si kwa muda mrefu, labda kwa pumzi mbili tatu, lakini hakuachia.

"Achia, wifi!" shangazi akapaza sauti. "Unang'ang'ania jembe kama ni mume!"

Watu wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, akaachia. Nimezirudia pumzi zile mbili tatu kichwani mara nyingi kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

Ili mtu aelewe nilichokiondoa siku ile, inabidi ajue siku ya mama ilivyokuwa. Nyumba yetu iko juu, shamba liko chini bondeni karibu na kijito. Alishuka asubuhi, akapanda mchana na mzigo wa majani ya ng'ombe, akashuka tena, akapanda jioni na mboga. Maji aliyafuata kwenye chemchemi. Siku za soko alikwenda Soni kwa miguu, kabichi kichwani. Alikula makande, ugali, mnavu, na parachichi aliloliokota njiani. Alikuwa mwembamba, mkavu, na alinipita kwenye mwinuko huku akiniuliza kama nimechoka.

Mimi nikapata mkataba wa miaka miwili kwenye mradi mmoja Tanga mjini. Mshahara wa kwanza nikavuta maji mpaka uani. Jirani mmoja akachukua shamba kwa makubaliano ya kugawana mazao. Nikamwambia mama asitembee tena kwenda kanisani, achukue bodaboda, ingawa kanisa unaliona ukisimama mlangoni kwetu. Nikamnunulia viatu vya kufunika, vyeusi, vya heshima.

Na wageni wakaanza kuja. Huku kwetu huendi kumpongeza mtu mikono mitupu, na unachobeba ni sukari. Kabati letu lilijaa mifuko ya sukari kama stoo ya duka. Na mgeni akija lazima apewe chai, na chai isiyokolea ni dharau, na mwenye nyumba hawezi kumwacha mgeni anywe peke yake. Kila mgeni alikunywa kikombe chake. Mama alikunywa na kila mgeni.

Chakula nacho kikapanda cheo. Shangazi alikuta mama anapika makande siku moja, akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Mama wa msomi anakula makande? Unataka watu waseme mtoto hatumi kitu?" Basi ukawa wali, chapati, na soda baada ya chakula. Nilikuwa nikija likizo namkuta mama ameketi barazani kwenye kiti chake, ameongezeka mwili, mashavu yamejaa, na mimi nafurahi kwelikweli. Nilimpiga picha nikaiweka kwenye simu watu waione. Wakaandika: amenawiri. Wakaandika: hayo ndiyo matunda ya elimu. Picha ile bado ninayo. Siwezi kuifuta na siwezi kuitazama.

Mkataba ulipoisha haukuongezwa. Nikarudi nyumbani na begi moja na kompyuta, nikawa nashinda ndani naandika barua za maombi ya kazi, nakunywa soda, nasoma upya barua niliyokwisha kuituma ili nione kama niliharibu mahali. Ni katika kukaa huko ndipo nilipoanza kumwona mama kwa karibu.

Alikuwa anakunywa maji kama mtu aliyetoka kupasua mbao msituni Shume. Jagi liliisha, anajaza, linaisha. Usiku nilisikia kitasa cha mlango wa nyuma, tena na tena. Choo chetu kiko nje, na baridi ya mwezi wa saba kule kwetu si ya mchezo, nikamwonea huruma. Nikamnunulia ndoo yenye mfuniko akae nayo chumbani. Nilijiona mtoto mwema sana. Baada ya siku chache sisimizi wakaanza kuifuata ile ndoo, mstari mwembamba kutoka ufa wa ukutani hadi kwenye ukingo wa mfuniko. Mimi, mwenye shahada, nikaenda dukani nikanunua dawa ya wadudu.

Halafu akaanza kupungua. Nguo zikamlegea. Jumapili alikishika kitabu cha nyimbo mbali na uso, kisha karibu, kisha akakifunga akaimba kwa kukumbuka. Nikamuuliza, akasema taa za kanisa hazina nguvu. Shangazi yeye alikuwa na jibu lake: "Mama yako anakwisha kwa mawazo. Mtoto amesoma, amerudi kukaa jikoni. Wewe ungelala?" Nilimwamini. Kwa wiki kadhaa niliamini kwamba mama anakondeshwa na ukosefu wangu wa kazi, nikawa naandika barua nyingi zaidi.

Kitu kingine kidogo kilinisumbua siku hizo, nacho kilikuwa kisu cha jikoni. Kila nikikishika ni butu. Nikinoa leo, kesho butu, na mara nyingine kina udongo karibu na mpini. Nilidhani ni mimi nisiyejua kunoa.

Tulichokwenda hospitali Lushoto kutibu kilikuwa kidole. Vile viatu vyeusi vilimchubua kidole kidogo cha mguu wa kulia, na mchubuko ukageuka kidonda, na kidonda kikakataa kufunga. Mama alikuwa anakipaka mafuta na kukificha ndani ya soksi. Nilipokiona nikambana mpaka akakiri kina wiki sita. Hakikuwa kinamuuma, ndicho kilichonitisha. Tuliondoka alfajiri bila hata chai.

Nesi aliyetupokea alikuwa dada mwenye umri wa kunizidi kidogo, lafudhi ya kutoka mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Hiki kidonda kina muda gani?"

"Aa, siku chache."

"Wiki sita," nikasema.

Mama akanigeuzia jicho.

"Usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"

"Muulize huyu," mama akasema, akininyooshea kidole. "Halali, kazi yake kunihesabia."

"Mara tano," nikasema. "Juzi sita."

Nesi akaacha kusafisha kidonda. Akauliza kama tumewahi kuona sisimizi mahali mama anapojisaidia.

"Walikuja," nikasema. "Nikawapulizia dawa."

"Ukawapulizia dawa?"

"Ndiyo."

"Dada, wale walikuwa wamekuletea ujumbe, na wewe umeua matarishi." Akacheka. Mama naye akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka.

Akamchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine cha kupimia sukari. Akasoma. Akabadilisha kidole, akachoma tena. Safari hii hakutuonyesha namba, akatoka kwenda kumwita daktari. Nilimtazama mama, naye ananitazama mimi, pamba imebanwa kwenye kidole, na mahali fulani nje mtu alikuwa anacheka kwa sauti. Damu ikachukuliwa nyingine. Mchana daktari akatuambia kwa maneno mafupi: sukari iko juu sana, ni kisukari, na huenda kimekuwemo mwilini kwa zaidi ya mwaka. Kama tungeendelea kupaka mafuta na kuvaa soksi, tungekuja kuzungumzia habari ya kukata.

"Kisukari?" mama akasema. "Mimi? Pipi zenyewe sijawahi kuzipenda." Kisha akaongeza, kwa uhakika kabisa, kama mtu anayesahihisha kosa la karani, "Mimi ni mkulima."

Neno lile lilinipiga mahali ambapo bado panauma. Maana hakuwa mkulima. Alikuwa mkulima, nikamvua.

Daktari alipoondoka, nesi akakaa na sisi, akamwomba mama amsimulie siku yake toka anapoamka. Mama akasimulia kwa fahari, amekaa wima.

"Nakaa. Mwanangu alinipumzisha."

"Unakaa ukifanya nini?"

"Nakaa barazani. Wageni wanakuja, tunakunywa chai."

"Chai ya vijiko vingapi vya sukari?"

"Vinne. Chai ni chai."

"Na wageni ni wangapi kwa siku?"

"Inategemea," mama akasema. "Sisi tuna watu."

Nesi akaandika. Akauliza kuhusu chakula, soda, kutembea. Kila jibu la mama lilikuwa kitu nilichokinunua mimi. Kisha akauliza kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuwa na ugonjwa huo, mama akasema hakuna. Akafikiri. "Ila kaka yangu mkubwa alikatwa mguu. Lakini yeye alitegewa kitu njiani, akakanyaga."

"Kabla ya kukatwa alikuwa anakunywa maji sana?"

Nilimwona anakumbuka. Aliweka mkono mdomoni na kuuacha pale. Miaka yote ile nyumba ya mjomba haikusalimiana na nyumba ya jirani aliyedhaniwa kumtegea, kwa sababu ya mguu ule.

Mama alipokwenda kuchukua dawa nilimfuata nesi kwenye korido. Nilimweleza habari ya jembe, haraka haraka, vibaya, nikirudi nyuma na kujisahihisha, mpaka akanishika bega. Nikamuuliza moja kwa moja: "Ni mimi?"

"Ugonjwa huu hauna mzazi mmoja," akasema. "Kuna damu ya ukoo, umeisikia ya mjomba wako. Kuna umri. Kuna mwili kuongezeka, hasa tumboni. Kuna vinywaji vitamu na wali wa kila siku. Kuna kukaa. Mwili uliozoea kupanda mlima mara mbili kwa siku umekalishwa ghafla, na chakula kimeongezwa. Labda ungekuja tu akiwa na miaka sabini. Labda usingekuja. Mimi siwezi kukuambia."

Labda. Kwa mtu kama mimi neno hilo ni sumu. Afadhali angesema ndiyo.

"Damu na umri hamwezi kuvibadilisha," akaendelea. "Vilivyobaki viko nyumbani kwenu. Kidonda kipone kwanza, asitembee nacho ovyo. Kikipona, anywe dawa zake, chakula kirudi kama cha zamani, na atoe jasho kila siku. Si alikuwa analima? Arudi."

"Hawezi. Jembe liko darini."

Akanitazama kuona kama natania. "Si mlishushe?"

Nikaanza kueleza upya, nikaacha. Kabla hatujaondoka akaniita na mimi nikae, akanichoma kidole. Kwangu ilikuwa salama. "Kwa sasa," akasema, na akaitazama chupa ya soda iliyokuwa inachungulia kwenye mkoba wangu.

Tukiwa njiani kurudi mama alisema jambo moja tu. "Shangazi yako asijue."

Ndizo zile wiki tatu za kukosa usingizi. Kidonda nilikisafisha kila asubuhi kama nilivyofundishwa, na kila asubuhi nilikipima kwa macho. Dawa alikunywa baada ya chakula. Wali ukapungua, mboga zikaongezeka. Lakini jembe lilikaa kichwani mwangu. Nikilishusha, watu watasema msomi amekosa kazi, sasa anamrudisha mama yake shambani amlishe. Na je, watakuwa wamekosea? Nilikuwa kweli sina kazi. Je, nataka mama alime kwa ajili ya sukari, au kwa ajili ya sufuria? Na nisipolishusha, mguu. Na siku ile nilipovaa joho, nilikuwa nampumzisha mama au nilikuwa najionyesha? Nilijibu kila swali pande zote mbili, na kila upande ulikuwa na hoja nzuri. Chuo kilinifundisha hivyo.

Shangazi alikuja siku ya Jumatano na kilo ya sukari chini ya kwapa. Nikampa shikamoo, nikamletea chai. Tulikuwa tumekubaliana na mama kwamba chai ya nyumba nzima haina sukari, na sukari ya kabatini nimeigawa yote kwa watu. Shangazi akapiga funda moja. Akakiweka kikombe chini taratibu.

"Hii ni chai au maji mliyooshea masufuria?"

"Sukari imeisha, wifi," mama akasema, macho kwenye ukuta.

"Imeisha? Nimeleta kilo mbili mwezi huu peke yangu. Mnaila na ugali?" Akanigeukia; naye huniita shangazi kama ninavyomwita. "Shangazi, umeiuza sukari ya mama yako?"

Nikaona mama anajiandaa kudanganya tena na hajui kudanganya. Nikasema. Nilisema yote: kidole, ndoo, sisimizi, daktari, mjomba. Mama akafumba macho.

Shangazi alikisukuma kikombe mbali naye. Kisha akasema, "Kisukari ni cha watu wa mjini. Wenye magari na vitambi. Huku mlimani, kwenye hewa hii, na mboga hizi?"

"Mboga tunazikuza, shangazi. Hatuzili. Tunakula wali."

"Kwa hiyo ni mimi? Mimi niliyesema asile makande?"

"Sijasema hivyo."

"Lakini umefikiri."

Nilikuwa nimefikiri. Sikuwa nimewaza hata mara moja kwamba na yeye anaweza kukosa usingizi kwa swali lilelile. Akachukua kilo yake ya sukari, akainuka. Mlangoni akageuka. "Na usithubutu kuligusa lile jembe. Nimekuona unavyotazama juu. Mdogo wangu hakufa ili mjane wake aonekane kibarua."

Ijumaa asubuhi niliamka mapema, nikamkosa mama kitandani. Kidonda kilikuwa kimeshafunga, ngozi mpya ya waridi, lakini bado nilikuwa namkataza kutembeatembea. Nikaenda jikoni, hayupo. Kisu hakipo. Nikazunguka nyuma ya choo, mahali ambapo sikuwa nimefika toka nirudi, kwa sababu nani anakwenda nyuma ya choo?

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye gunia, anapalilia kwa kisu cha jikoni.

Palikuwa na tuta moja, refu labda kama kitanda, limenyooka kama limepimwa kwa kamba. Mnavu, vitunguu vya majani, mbaazi mbili pembeni. Udongo ulikuwa umelainishwa wote kwa ncha ya kisu kile. Hakuwa amenisikia. Anakata jani la gugu, anatingisha udongo, analiweka kando. Sikujua nilie au nini.

"Mama."

Akashtuka, akakificha kisu nyuma yake kama mtoto aliyeshikwa na nyama ya mchuzi.

"Hili si jembe," akasema upesi.

"Toka lini?"

"Ni kisu tu. Hukusema kisu."

"Mama, toka lini?"

Akafuta mikono kwenye kanga. "Toka ulipokwenda Tanga. Nilikuwa nafanya shangazi yako akishaondoka." Kisha, kwa sauti ya chini, kwa Kishambaa, lugha anayoitumia akiwa hataki kujibiwa, akaniambia kwamba kukaa kulimchosha kuliko kulima.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana," akasema. "Ungejiona kwenye lile joho."

Pumzi mbili tatu. Zaidi ya miaka miwili nilikuwa nazisikia vibaya.

Nilirudi ndani nikakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza sikuwa na upande wa pili wa hoja. Je, ni mimi niliyemletea? Labda. Swali lile lilibaki palepale, halina jibu, na pengine litanifuata uzeeni. Lakini nililigundua jambo jingine kwa mshtuko ambao haujaniisha: kwa muda wote ule niliokuwa napima lawama yangu kwenye mizani, mama alikuwa nyuma ya choo na kisu.

Sikutaka kulishusha kimyakimya. Lilipanda mbele ya watu, lingeshuka mbele ya watu, vinginevyo mama angeonekana anaiba. Jumapili baada ya ibada niliwaalika wale wale, majirani na ndugu. Niliwapikia makande na mnavu. Chai nikaweka mezani bila sukari, na tangawizi nyingi ili angalau wapate kitu cha kulalamikia. Shangazi alikuja. Alikaa mwisho kabisa, karibu na ng'ombe, mkoba mapajani.

Watu walipokwisha kula nikaacha mlango wazi, nikapanda kwenye meza sebuleni, nikaingiza mkono darini, nikalishusha na kutoka nalo uwanjani. Kanga ilikuwa imejaa vumbi na kinyesi cha panya. Mpini ulikuwa umekauka ukalegea, jembe likacheza kichwani mwake, likatoa mlio.

"Nililichukua kwa heshima," nikasema. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwenye karatasi iliyokuwa mfukoni, sikuitoa. "Mama ana kisukari. Daktari anataka atembee na atoke jasho. Na mwenyewe anataka kulima. Kwa hiyo namrudishia."

Mzee mmoja akaguna. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, nikasikia neno kazi, nikasikia neno Tanga. Waseme. Niliweka jembe kwenye beseni la maji, kichwa chini, kama mama alivyonifundisha nikiwa mdogo, ili mti unywe maji, uvimbe, ushike chuma.

"Hivyo halitashika," ikasema sauti ya shangazi.

Alikuwa ameinuka. Akaja mpaka kwenye beseni, akalitoa jembe, akaligeuza, akaligonga mara tatu kwenye jiwe la ngazi mpaka likakaa, ndipo akalirudisha majini. "Msomi mzima," akasema, bila kumtazama mtu. Kisha akamwambia mama, "Wifi, ukianguka huko bondeni usiniite." Akarudi kukaa karibu na ng'ombe, akanywa ile chai, kikombe kizima, amekunja uso.

Mama ndiye aliyelitoa kwenye maji. Nilinyoosha mikono nimsaidie, akanipita.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alivaa soksi nene na viatu vya zamani vya marehemu baba, vipana, ambavyo havimgusi kile kidole. Nilimkagua nyayo zote mbili kama nesi alivyoagiza, akalalamika kwamba namtekenya. Jirani tulikuwa tumeshapatana, akaturudishia nusu ya shamba. Nilibeba chupa ya maji, dawa, kiporo cha makande kwa ajili ya saa nne, na kompyuta niliiacha mezani imefungwa. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Mama akashika njia ya mteremko, jembe begani, nami nikamfuata.

Tulipokuwa tunarudi mchana nilikaa chini katikati ya mwinuko, moyo unadunda masikioni. Mama alikuwa mbele, mzigo wa majani kichwani. Aligeuka mara moja.

"Umechoka?" akauliza, na hakungoja jibu.